Radu Voina: Mchezaji wa Mpira wa Mikono Aliyegeuka Mwalimu

Mpira wa miguu unaujua. Hata kama huuchezi, umewaona vijana wakiucheza jioni baada ya kazi za shamba. Mpira wa pete nao unaujua, maana wasichana wa shule huucheza. Lakini je, umepata kuuona mpira wa mikono?

Katika Tanzania na Kenya mchezo huu huchezwa katika mashindano ya shule. Watu wengi wa vijijini bado hawaujui. Kwa hiyo kwanza tutaueleza mchezo wenyewe. Kisha tutamweleza mtu mmoja wa nchi ya Romania, jina lake Radu Voina. Mtu huyu aliucheza mpira wa mikono mpaka akawa bingwa wa dunia mwaka 1974. Miaka 36 baadaye alikaa kwenye benchi kama mwalimu wa timu ya wanawake ya nchi yake. Hapo hakuwa na ruhusa ya kuugusa mpira. Alikuwa na maneno yake tu.

Kucheza ni kazi. Kumfundisha mtu mwingine acheze ni kazi nyingine kabisa. Tutaona tofauti yake.

Mchezo wenyewe

Uwanja wa mpira wa mikono una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Mkitaka kuujua ukubwa wake, tokeni nje ya darasa mpime. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Pigeni hatua 40 upande mmoja, na hatua 20 upande wa pili. Mtaona kwamba uwanja huu ni mdogo sana kuliko ule wa mpira wa miguu.

Kila timu ina watu 7 uwanjani. Mmoja wao ni mlinda mlango. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mbele ya goli pamechorwa mstari uliopinda kama upinde. Mstari huo uko mita 6 kutoka kwenye goli. Ndani yake hukaa mlinda mlango peke yake. Wengine wote hukatazwa kukanyaga humo.

Lakini sikiliza ujanja wa mchezo huu. Hewa haikukatazwa! Mshambuliaji hukimbia, akafika kwenye mstari, akaruka juu. Akiwa bado hewani juu ya eneo la mlinda mlango, huutupa mpira kwa nguvu zake zote. Ikiwa mpira umetoka mkononi kabla miguu yake haijagusa chini, goli ni halali. Ndiyo maana wachezaji wa mchezo huu huonekana kama watu wanaoruka ukuta.

Mwenye mpira hawezi kukaa nao atakavyo. Haruhusiwi kuushika zaidi ya sekunde 3, wala kwenda nao zaidi ya hatua 3 bila kuudunda. Kwa hiyo mpira hauna raha. Hutoka mkono huu kwenda mkono ule, kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka upatikane mwanya.

Mabeki nao hawakai kimya. Husimama karibu na mstari wa mita 6, mikono juu, wakiziba njia. Wanaruhusiwa kumzuia mtu kwa kifua. Hawaruhusiwi kumsukuma, kumpiga, wala kumvuta akiwa hewani. Anayecheza vibaya hutolewa nje kwa dakika 2, na timu yake hubaki pungufu kwa muda huo. Kosa likizuia goli la wazi, timu iliyokosewa hupewa pigo la adhabu kutoka mita 7. Hapo hubaki watu wawili, mtupaji na mlinda mlango. Wengine hutazama.

Mchezo una vipindi viwili vya dakika 30. Mpira wa wanaume una uzito wa gramu 425 mpaka 475. Wa wanawake ni mdogo zaidi, gramu 325 mpaka 375, ili ukae vizuri kiganjani.

Jambo moja zaidi. Katika mpira wa miguu, goli moja linaweza kumaliza maneno. Katika mpira wa mikono magoli ni mengi. Timu kufunga 25 au 30 katika mchezo mmoja ni jambo la kawaida siku hizi. Kumbuka jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Mchezo ulivyofika Romania

Romania iko upande wa mashariki wa Ulaya. Mto Danube hupita kusini mwake, na Bahari Nyeusi iko mashariki. Wakati wa baridi theluji hufunika nchi. Watu hawawezi kucheza nje kwa miezi kadhaa.

Mpira wa mikono haukuzaliwa Romania. Huko Denmark, mwalimu wa shule aliyeitwa Holger Nielsen aliandika sheria za mchezo wa namna hii mwaka 1906. Ujerumani nako watu waliucheza kwa namna yao. Wao waliucheza nje, kwenye uwanja mkubwa wa mpira wa miguu, watu 11 kila upande. Katika jimbo la Transylvania, ndani ya Romania, walikuwako watu wengi wa asili ya Kijerumani ambao mababu zao walihamia huko karne nyingi zilizopita. Walimu wa shule zao ndio waliouleta mchezo huu, yapata mwaka 1920.

Baadaye mchezo wa watu 11 ulififia. Mchezo wa watu 7, unaochezwa ndani ya jumba, ukachukua nafasi yake. Sababu moja ni hiyo baridi. Ndani ya jumba theluji haiingii.

Waromania waliushika mchezo huu kwa mikono miwili. Wanaume wao walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1961, wakarudia mwaka 1964, na tena mwaka 1970. Wanawake wao walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1962. Hebu fikiri, nchi ambayo si kubwa wala si tajiri, ikizishinda nchi kubwa za Ulaya!

Radu Voina alizaliwa katika jimbo hilohilo la Transylvania, mwaka 1950. Mji wake unaitwa Sighișoara. Jina hili hutamkwa “Sigishoara”. Ni mji wa kale wenye ngome juu ya kilima, na mnara wa saa unaoonekana kutoka mbali. Timu ya nchi yake ilipochukua ubingwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka 10. Ilipochukua ubingwa wa tatu alikuwa kijana wa miaka 19.

Berlin, mwaka 1974

Voina alichezea klabu ya Steaua katika mji mkuu, Bucharest. Neno “steaua” maana yake ni nyota. Hiyo ilikuwa klabu ya jeshi. Wakati ule Romania ilikuwa nchi ya kikomunisti, na vilabu vilikuwa mali ya majeshi, viwanda na idara za serikali.

Alicheza safu ya nyuma. Usidhani hao ni mabeki wa kuzuia tu. Katika mpira wa mikono, timu inaposhambulia, wachezaji watatu husimama nyuma kidogo, mbali na mstari wa mita 6. Hawa ndio wanaozungusha mpira. Hutazama ukuta wa mabeki na kutafuta mahali penye ufa. Wakiuona, ama hutupa wenyewe kutoka mbali, ama humpasia mwenzao aliye karibu na goli. Mtu wa safu ya nyuma lazima awe na mkono wenye nguvu. Lakini zaidi ya mkono, lazima awe na macho.

Mwezi Machi 1974 mashindano ya dunia yalifanyika Ujerumani Mashariki. Nchi hiyo haipo tena. Mwaka 1990 iliungana na Ujerumani Magharibi. Fainali ilichezwa Berlin, kati ya Romania na wenyeji. Voina alikuwa na umri wa miaka 23.

Fikiria hali ilivyokuwa. Jumba limejaa watu, na karibu wote wanawashangilia wapinzani wako. Kila ukishika mpira wanakuzomea. Tena wapinzani hao wana kisasi moyoni, maana mwaka 1970, katika fainali ya Paris, Romania iliwafunga 13 kwa 12 baada ya muda wa nyongeza. Safari hii wako nyumbani kwao.

Romania ilishinda 14 kwa 12. Ubingwa wa nne! Mfungaji mkuu wa mashindano yale alikuwa Ștefan Birtalan, naye wa Romania, naye mchezaji wa safu ya nyuma.

Olimpiki mbili

Mwaka 1976 Voina alikwenda Montreal, nchini Canada, kwenye Michezo ya Olimpiki. Huenda wazee wetu wanaukumbuka mwaka huo kwa sababu nyingine. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika hazikushiriki. Zilikuwa zikipinga kuwepo kwa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini wakati wa utawala wa makaburu. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyekuwa akingojewa na dunia nzima katika mbio za mita 1,500, hakukimbia. Hata timu ya mpira wa mikono ya Tunisia iliondoka mashindano yakiwa yameshaanza.

Romania ilifika fainali, ikakutana na Umoja wa Kisovieti, yaani Urusi na nchi zilizoungana nayo wakati ule. Waromania walifungwa 19 kwa 15. Voina akarudi na medali ya fedha.

Mwaka uliofuata, 1977, klabu yake ya Steaua ilichukua Kombe la Vilabu Bingwa vya Ulaya. Katika fainali iliifunga klabu ya jeshi ya Moscow, CSKA, 21 kwa 20. Goli moja tu.

Halafu ikaja Moscow mwaka 1980. Safari hii Tanzania ilikwenda, na Watanzania wawili walirudi na medali za fedha. Filbert Bayi alipata yake katika mbio za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mbio za mita 5,000. Voina naye alikuwa katika mji huohuo, akicheza Olimpiki yake ya pili.

Yaliyoipata Romania pale Moscow yanafaa kuelezwa taratibu, kwa sababu ni hesabu. Katika kundi lao Waromania waliwafunga wenyeji, Umoja wa Kisovieti, 22 kwa 19. Lakini walifungwa na Yugoslavia. Na Yugoslavia ilifungwa na Umoja wa Kisovieti. Kila mmoja kamfunga mwenzake! Timu tatu zikamaliza zikiwa na pointi sawa. Ikabidi yahesabiwe magoli. Hutazamwa magoli ya kufunga, yakaondolewa magoli ya kufungwa, na inayobaki na mengi ndiyo ya kwanza. Wenyeji walikuwa wamezifunga timu dhaifu magoli mengi mno. Wao wakaenda fainali. Romania iliyowafunga ikabaki kugombea nafasi ya tatu. Waliishinda Hungaria 20 kwa 18, wakapata medali ya shaba.

Mtu aliyepata kupoteza fainali kwa hesabu ya namna hiyo hawezi kulidharau goli hata moja, hata kama timu yake inaongoza kwa magoli kumi.

Kazi ya mwalimu wa timu

Mchezaji huzeeka mapema. Akifika miaka 35 mabega yanauma, magoti yanauma, vijana wanamkimbia. Wengine huacha mchezo kabisa. Voina alipoacha kucheza aligeukia ukocha.

Kocha ni mwalimu wa timu. Je, mchezaji mzuri lazima awe kocha mzuri? Hapana. Unamjua mama mmoja kijijini ambaye wali wake hauna mfano. Mwulize anatia maji kiasi gani. Atakujibu, “Kiasi chake.” Yeye anajua kwa mkono wake, lakini hawezi kueleza. Wachezaji wengi hodari wako hivyo. Mkono unajua, mdomo haujui. Ili awe mwalimu, mtu lazima ajifunze upya lile analolijua, sasa kwa maneno, hatua moja moja, kama mtu anayefundisha kusoma.

Kocha wa mpira wa mikono hufanya kazi yake kubwa kabla ya siku ya mchezo. Yeye huamua mabeki wasimame vipi. Pengine wote sita husimama mstari mmoja mbele ya goli, kama ukuta. Pengine watano hukaa nyuma na mmoja husogea mbele, ili amsumbue mtoa pasi wa wapinzani. Ukuta wa watu sita ni mgumu kupenya, lakini wapinzani wanaweza kutupa kutoka mbali. Ukimtoa mmoja mbele, watupaji wa mbali hupata taabu, lakini nyuma huachwa mwanya. Hakuna njia isiyo na tundu. Kocha huchagua tundu gani ni afadhali kuliko jingine, kufuatana na wapinzani wa siku hiyo.

Mchezo ukianza, uwezo wake hupungua. Anaweza kubadilisha wachezaji. Katika mchezo huu wa akiba huingia na kutoka wakati wowote, bila kumwomba mwamuzi. Anaweza pia kuomba mapumziko mafupi. Huweka kadi ya kijani mezani kwa watunza saa, na mchezo husimama kwa dakika moja. Katika miaka tunayoieleza, kocha alipewa mapumziko hayo mara moja tu katika kila kipindi. Siku hizi ni mara tatu kwa mchezo mzima. Ukiiomba dakika hiyo mapema, baadaye utaihitaji nawe huna. Ukichelewa, mchezo umekwisha. Na katika dakika yenyewe unasema nini kwa watu wanaohema na kutoka jasho? Huwezi kutoa hotuba. Unasema mambo mawili, labda matatu.

Mimi naona kazi hii ni ngumu kuliko ya kucheza. Mchezaji akikosea hukimbia akarekebisha kosa lake. Kocha huliona kosa linakuja, naye amekaa.

Mji wa kiwanda

Mwishoni mwa miaka ya 2000 Voina alikabidhiwa wanawake. Alifundisha timu ya taifa ya wanawake wa Romania, na pia klabu kubwa ya wanawake nchini humo, iliyoitwa Oltchim.

Oltchim, au kwa matamshi “Oltkim”, lilikuwa jina la kiwanda cha kemikali katika mji wa Râmnicu Vâlcea. Klabu ilikuwa ya kiwanda. Mji si mkubwa, lakini kwa mpira wa mikono wa wanawake ulijulikana Ulaya nzima. Mwaka 2009 alijiunga na klabu hiyo msichana wa miaka 20, Cristina Neagu, mzaliwa wa Bucharest. Alicheza safu ya nyuma, upande wa kushoto. Akiruka, mabeki walikuwa chini naye yuko juu, na mkono wake ulisubiri kitambo kidogo kabla ya kuuachia mpira. Kitambo hicho ndicho kilichowapoteza walinda mlango.

Mwaka 2010 Oltchim ilifika fainali ya vilabu bingwa vya Ulaya. Wapinzani wao walikuwa klabu ya Viborg ya Denmark. Fainali ilichezwa mara mbili, mara moja ugenini na mara moja nyumbani, na magoli yakajumlishwa. Viborg ilichukua kombe. Voina aliyekuwa amelipata kombe la Ulaya kwa mkono wake mwaka 1977, safari hii alilikosa akiwa benchi.

Naomba ulishike jina hilo la Denmark. Huko ndiko Holger Nielsen alikoandika sheria zake. Wanawake wa Denmark walikuwa wameshinda Olimpiki tatu mfululizo, mwaka 1996, 2000 na 2004. Katika nchi hiyo mpira wa mikono wa wanawake si mchezo mdogo wa pembeni. Watu hujaza majumba kuutazama.

Herning, Desemba 2010

Mwezi Desemba mwaka huohuo mashindano ya wanawake ya Ulaya yalifanyika Denmark na Norwe. Mashindano haya yalianza mwaka 1994. Tangu hapo wanawake wa Romania hawakuwa wamepata medali hata moja ndani yake. Wazee wao walikuwa mabingwa wa dunia mwaka 1962, lakini hiyo ilikuwa habari ya bibi zao.

Safari hii Romania ilifika nusu fainali. Ikafungwa na Uswidi. Siku hiyohiyo wenyeji, Denmark, walifungwa na Norwe kwa magoli mengi. Kwa hiyo timu mbili zilizoumia zikawekewa mchezo wa kugombea nafasi ya tatu, tarehe 19 Desemba 2010, katika mji wa Herning. Mji huo hauko mbali na Viborg.

Mchezo wa nafasi ya tatu ni mchezo wa ajabu. Hakuna aliyetoka kwao kwa ajili ya nafasi ya tatu. Wachezaji wamechoka, na jana tu walilia. Usiku ni mmoja. Kocha ana saa chache za kuwarudisha watu wake kazini. Nao wa Denmark walikuwa nyumbani, jumba ni lao, watazamaji ni wao. Kwa Romania hakukuwa na kitu cha kushika isipokuwa kazi waliyojifunza.

Sasa kumbuka nilivyokuambia juu ya magoli. Timu kufunga 25 ni kawaida. Mchezo huu ulimalizika Romania 16, Denmark 15.

Soma tena hesabu hiyo. Katika dakika 60 timu mbili zilizo miongoni mwa timu bora za Ulaya zilifunga magoli 31 tu kwa jumla. Maana yake kuta zilikuwa ngumu na walinda mlango walikuwa macho. Mchezo wa namna hiyo hauna nafasi ya mapambo. Kila mpira unaopotea una bei. Kila dakika 2 za kukaa nje zina bei. Nao waliojifunza kusimama sawasawa mbele ya goli lao, bega kwa bega, huku jumba zima likiwapigia kelele, ndio walioshinda kwa goli moja.

Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya wanawake wa Romania katika mashindano ya Ulaya. Mfungaji mkuu wa mashindano yote alikuwa Cristina Neagu, magoli 53. Alikuwa na miaka 22. Kwa mwaka huo wa 2010 alichaguliwa mchezaji bora wa dunia.

Voina alikuwa na miaka 60. Mwaka 1974 alikuwa amesaidia kuwafunga wenyeji mbele ya watu wao kwa magoli mawili. Sasa alikuwa amewasaidia wengine kufanya hivyo kwa goli moja, bila kuushika mpira.

Yaliyofuata

Usidhani kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyooka. Mwaka 2011, katika mashindano ya dunia huko Brazil, wanawake wa Romania walimaliza nafasi ya 13. Kiwanda cha Oltchim nacho kilizama katika madeni. Klabu iliyokuwa ikiishi kwa fedha za kiwanda ikafa mwaka 2013, na wachezaji wakatawanyika. Klabu inayomtegemea mfadhili mmoja iko hivyo. Mfadhili akipiga chafya, klabu inalazwa. Mji wa Râmnicu Vâlcea ulianza tena na klabu nyingine, na mwaka 2019 klabu hiyo ilikuwa bingwa wa Romania.

Cristina Neagu aliumia bega, akakaa nje kwa muda mrefu. Wengi walidhani amekwisha. Alirudi. Alichaguliwa tena mchezaji bora wa dunia kwa mwaka 2015, na 2016, na 2018. Ukijumlisha na ule wa 2010, ni mara nne.

Mwaka 2015 mashindano ya dunia ya wanawake yalifanyika Denmark. Romania ilikutana tena na wenyeji, safari hii katika robo fainali, ikawatoa kwa goli moja baada ya muda wa nyongeza, 31 kwa 30. Kisha ikapoteza nusu fainali kwa Norwe, nayo ilikwenda mpaka muda wa nyongeza. Mchezo wa nafasi ya tatu ulikuwa Herning. Romania iliifunga Poland 31 kwa 22. Mwalimu wa timu safari hiyo alikuwa mtu mwingine, Tomas Ryde kutoka Uswidi. Lakini mfungaji mkuu wa mashindano alikuwa yuleyule wa mwaka 2010, Cristina Neagu, magoli 63.